Wakisema “Huyu Tunamjua”

Swali la msomaji: Mwalimu, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza muziri, wale samaki wadogo wakavu, huku kando ya Ziwa Albert, upande wetu wa Uganda. Miaka mingi nilikuwa napika waragi, pombe kali ya kienyeji, na watu wote wanajua. Sasa ni mwaka wa tatu tangu niokoke. Nikivuka kwenda upande wa Kongo siku ya soko naombwa nihubiri, watu wanalia, wanatubu. Nikirudi nyumbani, kanisa langu hawataki hata niongoze sala. Mwezi uliopita kaka yangu mkubwa alisimama mbele ya watu akasema, “Huyu tunamjua.” Ni hayo tu, akakaa. Watu wakacheka. Ni kweli kuna pesa yake nilikopa zamani, laki nne, lakini hiyo ni habari nyingine. Mama ninayeomba naye ananiambia hii ndiyo Nazareti yangu, nabii hakubaliki kwao, nikung'ute mavumbi nihamie mjini Hoima. Je, Biblia inasema hivyo? Na jirani yangu Mkatoliki ananiambia Yesu hakuwa na ndugu. Sasa hao waliomkataa ni nani?

Jibu: Mama, asante kwa kuniandikia wazi hivyo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limekwama kwenye maneno manne uliyoyapita mbio kama mtu anayeruka dimbwi: “hiyo ni habari nyingine.” Nitayarudia. Kwanza twende Nazareti, kwa sababu ndiko rafiki yako wa maombi alikokupeleka, na naogopa amekushusha stendi isiyo yako.

Habari yenyewe iko Marko 6, aya sita tu. Yesu anarudi kijijini alikokulia, sabato inafika, anafundisha katika sinagogi, na watu wanashangaa. Halafu ule mshangao unachacha. “Huyu si yule seremala, mwana wa Mariamu, na ndugu yao Yakobo, na Yose, na Yuda, na Simoni? Na maumbu yake hawapo hapa petu?” Marko anafunga kwa maneno mawili mazito: “Wakajikwaa kwake.”

Sasa angalia jambo ambalo mahubiri mengi hulipita. Katika maneno yao yote hakuna uongo hata mmoja. Seremala? Kweli. Neno la Kigiriki hapo, tekton, ni fundi wa ujenzi, mtu wa mbao na pengine wa mawe pia, kwa hiyo si ajabu kama baadhi ya waliokuwa wameketi mle ndani walilala kila usiku chini ya boriti alizochonga yeye. Mwana wa Mariamu? Kweli. Hapo mimi nasikia sindano ndogo, maana desturi yao ilikuwa kumtaja mtu kwa jina la baba. Wengine husema ni kwa sababu tu Yusufu alikuwa amekwisha kufa, na huenda wako sahihi. Lakini Mathayo anaandika “mwana wa seremala” na Luka “mwana wa Yusufu”, kama waandishi walioiona ile sindano wakaamua kuichomoa. Nduguze wanatajwa mmoja mmoja, dada zake wanaonyeshwa kwa kidole. Ndivyo tunavyofanya na sisi: huyu si wa kwa fulani, shangazi yake si yule wa chapati karibu na kituo cha polisi? Nazareti kilikuwa kijiji kidogo; wachimbuaji wa mambo ya kale hukadiria watu mia chache, na Agano la Kale lote halikitaji hata mara moja. Mahali padogo namna hiyo kila mtu anajua sufuria ya jirani imepikwa nini.

Walimjua, basi wakaacha kumwangalia. Nadhani ndiyo maana ya kujikwaa. Mgeni akiingia nyumbani kwako usiku anapapasa, ananyanyua mguu, anauliza kizingiti kiko wapi. Anayejigonga kidole ni mwenye nyumba.

(Nathanaeli naye aliuliza, “Laweza neno jema kutoka Nazareti?” Watu hudhani aliuliza kama mtu wa mbali. Yohana 21 inasema alikuwa mtu wa Kana ya Galilaya, mwendo wa saa chache tu kwa miguu. Dharau ya jirani ndiyo kali. Sisi tuliokulia Kiswahili hapa Uganda tunaijua. Baba yangu alikuwa askari, Kiswahili nimekinywa pamoja na uji wa kambini, na shuleni niliambiwa ni lugha ya wanajeshi na wezi. Katiba iliifanya kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, Baraza la Mawaziri likaipitisha tena mwaka 2022, na bado nina mjomba anayekunja uso nikiizungumza mezani kwake.)

Marko anaongeza mambo mawili ambayo ningependa uyabebe. La kwanza: “Wala hakuweza kufanya mwujiza wo wote huko,” isipokuwa wagonjwa wachache aliowawekea mikono. Hakuweza. Mathayo anapunguza makali, anasema hakufanya miujiza mingi. Marko ameliacha neno lilivyo, na mimi namshukuru, maana mtu aliyekataliwa na watu wake anajua jinsi mikono inavyokuwa mizito mbele yao. Ng'ambo unahubiri watu wanalia. Nyumbani hata sala ya kufungua inakukwama kooni. Wala usiwapite haraka wale wagonjwa wachache. Hata siku ile mbaya kulikuwa na watu kijijini waliokubali kuguswa na mikono ya seremala wao, na hatujui jina la hata mmoja.

La pili: Yesu alistaajabu. Injili inatuambia Yesu alistaajabia watu mara mbili tu. Mara moja ni imani ya yule akida wa Kirumi, mgeni kabisa, na mara nyingine ni hapa, kutokuamini kwa watu wa kwao. Kwa hiyo hata yeye hakulizoea. Usijilaumu kwamba miaka mitatu imepita na bado inakuuma.

Luka anasimulia siku hiyo kwa urefu zaidi, sura ya 4, na kwake mambo yanakwenda njia nyingine. Yesu anasimama kusoma chuo cha Isaya, anakirudisha kwa mtumishi, anaketi kufundisha, na watu wanampenda! Wanayastaajabia maneno ya neema. “Huyu siye mwana wa Yusufu?” katika Luka inaweza kusomwa kama fahari: huyu ni kijana wetu bwana. Hasira inakuja baadaye, Yesu anapowatajia mithali, “Tabibu, jiponye nafsi yako,” akijua wanachotaka: yale ya Kapernaumu, yafanye na hapa kwenu. Waswahili tunasema mganga hajigangi, na tunasema kwa huruma kidogo. Watu wa Nazareti walitaka kinyume chake: mganga ni wetu, dawa ianzie kwetu. Yesu akawakumbusha kwamba Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta katika nchi ya Sidoni, na Elisha akamtakasa Naamani Mshami, wakati Israeli ilikuwa imejaa wajane na wenye ukoma. Hapo ndipo walipomkokota mpaka ukingo wa kilima wamtupe chini.

Basi kwa Marko wanasema huyu ni wetu, kwa hiyo hawezi kuwa kitu. Kwa Luka wanasema huyu ni wetu, kwa hiyo atutumikie sisi kwanza. Hasira mbili tofauti. Nimejaribu kuona kaka yako anaingia wapi kati ya hizo mbili, na sioni anapoingia.

Kuna aina ya tatu, na hii iko ndani ya nyumba yenyewe. Marko 3, jamaa za Yesu wanasikia umati umemzunguka hata hapati nafasi ya kula, wanatoka kwenda kumkamata, wakisema, “Amerukwa na akili.” Wengi wakiisoma hiyo aya huona chuki. Mimi naona hofu. Waandishi kutoka Yerusalemu wameshaanza kumsema, na mtu akisemwa na wakubwa, nyumba nzima hulipa.

Hilo sisi wa Uganda tunalo mfano wake, na kila tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, tunatembea kwa miguu kwenda kulikumbuka bila kulitazama vizuri. Mkuu wa wauaji wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa Mukajanga. Miongoni mwa vijana Wakristo waliohukumiwa kufa mwaka 1886 alikuwemo Mbaga Tuzinde, aliyelelewa na huyo huyo Mukajanga kama mwanawe. Mukajanga alimsihi aikane ile dini, akawa tayari hata kumficha. Kijana akakataa. Kule Namugongo, Mukajanga akaamuru Mbaga apigwe rungu la shingo kwanza, ili moto usimkute akiwa hai. Nimefundisha habari hiyo miaka mingi na bado sijui niite nini kile kitendo cha mwisho. Baba aliyemkataa mwanawe mpaka kumuua ndiye aliyemhurumia kwa namna pekee aliyobakiwa nayo. Ukiona mtu wa damu yako amekukataa, usikimbilie kusema hakupendi.

Hapa nikujibu la jirani yako kwa ufupi, maana ni mjadala wa zamani na hautaisha sokoni. Kigiriki kinasema adelphoi, neno ambalo kwa kawaida ni ndugu wa tumbo moja, na Waprotestanti wengi wanalichukua hivyo. Waorthodoksi husema ni watoto wa Yusufu wa ndoa ya kwanza. Wakatoliki humfuata Jerome, wa karne ya 4, aliyesema ni binamu. Jirani yako anachokataa ni kwamba Mariamu alizaa wengine. Hakatai kwamba Yesu alikuwa na jamaa. Nasi wenye Kiswahili tusijifanye hatuelewi, maana “ndugu” kwetu ni kuanzia mliyenyonya naye ziwa moja mpaka yule mliyepanda naye basi moja. Vyovyote iwavyo, walikuwa watu wa nyumbani, na Yohana 7:5 haifichi: “Maana hata nduguze hawakumwamini.”

Nimekuzungusha, najua. Ile siku ya kicheko haijapita bado moyoni mwako, naisikia katika barua. Kwa hiyo kabla sijagusa pesa, soma Zaburi ya 55 kwa sauti ukiwa peke yako, kuanzia aya ya 12: “Kwa maana aliyenitukana si adui, kama ndivyo, ningevumilia.” Halafu mwimbaji anamgeukia mtu na kumwonyesha kidole: bali ni wewe, mtu mwenzangu, rafiki yangu. Walikuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu. Huyo mwimbaji anataka mbawa za njiwa aruke zake, akae jangwani. Hoima yake ndiyo hiyo. Zaburi haimkemei kwa kutamani kuondoka, ila pia haisemi kwamba aliruka.

Sasa, laki nne.

Rudi Nazareti kidogo. Watu wale walimjua Yesu miaka karibu 30. Walikuwa na hasira, walikuwa wanatafuta la kumwangushia, na kijijini hakuna lisilojulikana. Wakapata nini? Kwamba ni fundi. Kwamba mama yake ni fulani. Basi. Hakuna aliyesimama akasema: huyu alichukua pesa yangu ya mlango, mwaka wa tano huu mlango sijauona. Kila fundi niliyemjua mimi angeambiwa hivyo na watu watatu kabla sala haijaisha.

Hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana na Yesu njiani, Mama. Sisi tukirudi kwetu, watu wana zaidi ya jina la mama yetu la kusema. Nilipohubiri mara ya kwanza katika kanisa la nyumbani, kola yangu mpya, Kigiriki changu kipya, bibi mmoja mzee alinisubiri mlangoni. Nikadhani anataka kuniombea. Akaniuliza kwa upole kama naikumbuka baiskeli ya marehemu mumewe. Niliikumbuka. Niliiazima nikiwa na miaka 16, nikaivunja fremu, nikaiegemeza kwenye ukuta wao usiku na sikusema neno. Bibi yule alikuwa ameketi saa nzima akinisikiliza nikifundisha habari ya toba. Nilirudi chuoni nikiwaambia wenzangu kwamba nabii hana heshima kwao, na wakaniitikia amina. Ilinichukua miaka miwili kwenda kununua fremu.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu “je, hii ni Nazareti yangu?” mimi huuliza kwanza: wanajua nini? Wakijua tu kwamba ulizaliwa kwa fulani na ulikuwa unapika waragi ukaacha, na bado wanacheka, hapo unaweza kuisoma Marko 6 na kujiona ndani yake. Lakini kama kuna mtu ana daftari yenye jina lako, ile aya usiiguse kwanza. Katika nchi hii nimeona watumishi wengi wakiitumia kama mwavuli. Akiulizwa habari ya sadaka ya kujenga paa, anajibu nabii hakubaliki kwao. Akiulizwa habari ya binti wa watu, anajibu hivyo hivyo. Wewe si wa namna hiyo, ndiyo maana umeiandika ile laki nne ingawa hukuulizwa.

Na tazama kaka yako alifanya nini. Alisimama mbele ya watu wote, umemkosea, ana haki, na ulimi anao. Angeweza kusema, huyu ana pesa yangu. Akasema, “Huyu tunamjua,” akakaa. Umeniambia mwenyewe: ni hayo tu. Watu wakacheka kwa sababu walidhani anasema waragi. Mimi nadhani alikuwa anakusema wewe, kwa lugha ambayo watu wawili tu mle ndani waliielewa, na palepale akakustahi. Naweza kuwa nimekosea, simjui mtu huyo. Lakini mkali aliyeamua kukuangamiza hakai chini baada ya maneno mawili.

Sasa nikupeleke stendi ninayodhani ni yako. Iko sura moja kabla, Marko 5. Yule mtu wa nchi ya Wagerasi, aliyekaa makaburini, aliyefungwa pingu na minyororo akaikata, akijikata-kata kwa mawe. Yesu anamponya. Naye anataka kupanda chombo aende na Yesu, mbali, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona uchi. Ng'ambo, tuseme. Yesu anamkatalia. “Enda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu, ukawahubiri ni mambo gani makuu aliyokutendea Bwana, na jinsi alivyokurehemu.”

Fikiria anarudishwa kwa nani. Ni watu waliomfunga minyororo. Kila mama pale amewahi kumficha mtoto wake akimsikia anapiga kelele usiku. Na si hofu tu: siku aliyopona, nguruwe wapata 2,000 walitumbukia ziwani wakafa. Uponyaji wake uliwaachia jirani zake hasara, na ndipo wakamsihi Yesu aondoke mipakani mwao. Mtu huyu akirudi kijijini anakutana na mfugaji aliyefilisika kila kona. Hata hivyo ndiko alikotumwa, na akaenda, akahubiri Dekapoli yote, yaani eneo la ile miji kumi, na Marko anasema watu wote wakastaajabu.

Tofauti yake na Nazareti, kwa maoni yangu, iko katika anachotumwa kusema. Hakutumwa kuwafundisha. Akawaambie aliyotendewa. Kwa ujumbe wa namna hiyo watu wanaokujua hawawi kikwazo; ni mashahidi, na hakuna mashahidi wengine. Ukisema ng'ambo kwamba ulikuwa mpika waragi, wanakuamini kwa adabu tu. Nyumbani kuna watu waliokunywa. Yule mwanamke Msamaria wa Yohana 4 aliingia kijijini kwao, ambako kila mtu alijua habari ya wanaume wake, na mahubiri yake yote yalikuwa haya: njoni mtazame mtu aliyeniambia mambo yote niliyoyatenda. Wakatoka kwenda kumwona. Angewahubiria maana ya torati, sijui kama wangetoka.

Sijui wewe ukisimama kwenu huwa unasema nini. Ulisema kanisa halitaki uongoze sala. Je, umewahi kuomba nafasi ya ushuhuda tu, dakika tano, bila kufundisha mtu?

Kuhusu mavumbi, nitakuwa mkali kidogo kwa rafiki yako. Neno la kukung'uta mavumbi liko Marko 6:11, baada ya Nazareti, na linaambiwa mitume kumi na wawili kuhusu mahali watakapoingia kama wageni wakakataliwa. Paulo na Barnaba walifanya hivyo Antiokia ya Pisidia, mji wa watu wengine. Kuhusu Nazareti, Marko anaandika kwamba Yesu alizunguka katika vijiji vya pale akifundisha. Mavumbi hayatajwi. Ni kweli kwamba Yesu alihama Nazareti akakaa Kapernaumu, Mathayo 4:13, kwa hiyo kuhama si dhambi. Kama muziri wanauzika vizuri zaidi Hoima, hamia Hoima kwa ajili ya muziri, ukawaage watu wako vizuri. Usiufanye mzigo wako wa samaki kuwa hukumu ya Mungu juu ya kijiji.

Wazee wetu wa uamsho wangekuambia hivyo hivyo. Walokole, yaani waliookoka, wa miaka ya 1930 na 1940 walikataliwa hasa na watu wa kanisa lao wenyewe. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi zaidi ya 20, William Nagenda akiwa mmoja wao, kwa sababu hawakukubali kuacha mikutano yao ya sala ya alfajiri na kuhubiri kwao. Wengi walidhani wataanzisha kanisa lao. Hawakuanzisha. Nagenda hakuwekewa mikono ya ukasisi hadi kufa, na alihubiri nchi nyingi, lakini walikaa ndani ya Kanisa la Uganda wakiimba wimbo wao wa Tukutendereza mpaka kanisa lenyewe likaanza kuimba nao. Na kitu kimoja zaidi kilichowatambulisha vijijini, hata kwa watu waliowachoka: mlokole mpya alikuwa anaonekana njiani amebeba kitu. Mbuzi, jembe, shuka, pesa kwenye kitambaa. Anarudisha. Zakayo wa Luka 19 aliahidi mara nne. Wao wengi walikuwa maskini, walirudisha kimoja kwa kimoja, wengine kidogo kidogo.

Usidhani ukilipa kaka yako atasimama kukuunga mkono. Huenda atahesabu noti, aseme zimechelewa. Ndugu za Yesu hakuna mahubiri yaliyowageuza. Matendo 1:14 inawakuta ghafla katika chumba cha juu, wakisali pamoja na Mariamu, na kilichotokea katikati hakijaandikwa, ila Paulo anataja kwa mstari mmoja katika 1 Wakorintho 15 kwamba Bwana aliyefufuka alionekana na Yakobo. Walisema nini wale wawili, seremala na mdogo wake aliyemwona amerukwa na akili, hatukuambiwa. Yakobo akawa nguzo ya kanisa la Yerusalemu, na Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, anaandika kwamba alipigwa mawe, jambo lililotokea mwaka 62.

Ukishalipa na bado wanacheka, niandikie tena, tutaifungua Marko 6 pamoja bila wasiwasi. Kule Kongo endelea kwenda. Kukataliwa nyumbani hakufuti machozi ya watu wa ng'ambo, na kaka yako hana kura juu ya wito wako. Ila usiende kule kwa kukimbia huku, maana watu wa ng'ambo nao wakikuzoea watakuwa watu wa kwenu.

Namna ya kwenda kwa kaka: usiende Jumapili. Usiende na rafiki yako wa maombi, wala Biblia usibebe. Ikiwa laki nne haipo yote, anza na elfu hamsini, hata kama unazitoa kwenye kikundi cha akiba, umwambie nyingine unazileta lini, kwa tarehe na siku ya soko. Mtoto wake mmoja awe karibu aone. Habari ya kanisa usiigusie, akiigusia yeye msikilize mpaka amalize.

Na usiku wake, kama usingizi haukuji, soma Yeremia. Watu wa Anathothi, kijiji chake cha makuhani, walimwambia asitoe unabii asije akafa kwa mkono wao. Iko sura ya 11. Sura ya 12 inataja hata nyumba ya baba yake. Halafu ruka mpaka sura ya 32. Yerusalemu imezungukwa na jeshi la Babeli, Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi, na anayekuja kumwona ni Hanameli, mtoto wa mjomba wake, ana shamba la kuuza. Shamba lenyewe liko Anathothi. Yeremia anampimia fedha, shekeli 17, anaandika hati, anaita mashahidi, anaagiza hati itiwe katika chombo cha udongo ikae siku nyingi.

Habari ya Hoima tutaongea ukishatoka kwa kaka.